Ugali, matanga na kisukari aina ya pili

Hapa Kisumu, na kule Vihiga nilikozaliwa, mtu akiambiwa ana kisukari, ushauri wa kwanza atakaopewa na jirani ni kuacha ugali mweupe na kula wa wimbi au mtama. Naishi na kisukari aina ya pili, na naona ushauri huo umeishia njiani. Unga wa wimbi usiokobolewa una nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe wa mahindi, hilo ni kweli. Lakini wimbi nao ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni hugeuka glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Ukila kilima cha ugali wa wimbi sukari itapanda, hata kama rangi yake inakutia moyo. Uji wa wimbi nao ni vivyo hivyo, hasa ukitiwa sukari.

Cha kuchunga kwanza ni kiasi, na kwetu kiasi ni kigumu kukijua kwa sababu tumelelewa kwenye sinia moja. Ugali uko katikati, kila mtu anamega, hakuna anayejua amekula ngapi. Nilimwomba mke wangu tuwe tunapakua kila mtu sahani yake. Nusu ya sahani ni mboga: managu, saga, kunde, mrenda, sukuma wiki. Robo ni samaki, omena, maharagwe au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, kipande kisichozidi ngumi yangu. Nyumba nzima inakula hivyo. Sipendi mgonjwa apikiwe kando, maana anayepikiwa peke yake hukata tamaa mapema, na tena ugonjwa huu hupenda kufuata ukoo, kwa hiyo watoto wangu wanahitaji sahani hiyo kama mimi.

Katika aina ya pili, kongosho bado hutengeneza insulini, homoni inayosaidia mwili kutumia glukosi, ila misuli na ini haviitikii vizuri. Kongosho huongeza juhudi, na miaka ikienda huchoka. Ndiyo maana daktari anaweza kukuongezea dawa, au kukuanzishia insulini, bila wewe kuwa umezembea popote. Wengine huniuliza: sijala tangu jana jioni, mbona asubuhi sukari iko juu? Ni ini. Usiku huachilia glukosi iliyoiweka akiba, na insulini isipofanya kazi sawasawa ini halipati breki.

Kama una uwezo wa kununua mashine ya kupimia, usiitumie asubuhi tu. Vijiti ni ghali, najua, kwa hiyo chagua mlo mmoja unaokutia wasiwasi, upime kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula. Watu wazima wengi hulenga kati ya 4.4 na 7.2 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kula, na chini ya 10 baadaye, ingawa daktari wako anaweza kukupangia viwango vingine. Kwa njia hiyo nilijua viazi vitamu vinanipandisha kiasi gani, jambo ambalo hakuna karatasi ya kliniki ingeweza kuniambia. Siku nyingine, kula kile kile kisha utembee robo saa, upime tena. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi kutoka kwenye damu, na tofauti utaiona mwenyewe. Kipimo cha HbA1c ni kingine: huonyesha hali ya sukari yako ya miezi miwili au mitatu iliyopita, kwa hiyo kufunga kula siku moja kabla ya kliniki hakukifichi kitu.

Sasa nije kwenye matanga, kwa sababu huku magharibi Jumamosi zetu nyingi huishia huko. Unaondoka nyumbani alfajiri, umemeza dawa, hotuba zinafuatana hadi saa tisa, na chakula hutolewa baada ya mazishi. Kwa anayetumia vidonge vya metformini peke yake, sukari kushuka sana ni nadra. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi anaweza kuanza kutokwa na jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha akachanganyikiwa, na watu wakadhani ni majonzi. Beba chakula chako, ndizi au njugu, na ule saa yako ikifika hata kama mchungaji anahubiri. Hakuna mfiwa atakayekulaumu.

Dalili zikianza, au mashine ikionyesha chini ya 4, hapo sukari ni dawa: vijiko vitatu au vinne vya chai vikorogwe kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Pima tena baada ya dakika kumi na tano, na urudie kama haijapanda. Ikishapanda, kula chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa, akimbizwe hospitali. Mwambie unayesafiri naye mambo haya kabla hamjapanda matatu.

Chakula chenyewe kikija, wali umejazwa na soda imefunguliwa, mimi humwambia anayepakua, “Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga.” Hajawahi kukasirika mtu. Soda nampa mtoto aliye karibu, nami naomba maji.

Mkirudi usiku, vua viatu uangalie miguu, nyayo na katikati ya vidole, maana neva zikishaharibika mwiba unaweza kuingia usiusikie. Sehemu usiyoweza kuiona, mwombe mwenzio akuangalilie. Kidonda kisichopona ndani ya siku chache kipeleke kliniki, usikifunge majani. Na anayekuuzia mitishamba kwenye stendi akikuambia uache vidonge, usimsikilize. Macho na figo vipimwe kila mwaka hata kama huumwi, kwa kuwa vyote viwili huharibika kimyakimya. Mwombe daktari akuandikie vipimo hivyo, na presha ipimwe kila unapohudhuria kliniki.