Kuzima pagefile na kubadili idadi ya prosesa ili laptop iwe nyepesi

Ndugu, umesema ulizima pagefile (sehemu ya diski ambayo Windows huitumia RAM ikijaa) na kubadili idadi ya prosesa ili laptop iwe nyepesi. Pagefile irudishe, Windows iipangie ukubwa yenyewe. Kwa RAM ya GB 4, kumbukumbu ikijaa na pagefile haipo, programu zinajifunga ghafla na kazi ambayo hujaihifadhi inapotea. Ile idadi ya prosesa kwenye msconfig (programu ya mipangilio ya Windows) nayo ondoa tiki. Mpangilio huo unaweza kupunguza tu prosesa zinazotumika, maana Windows hutumia zote tangu mwanzo. (Wanaosifia mbinu hiyo huko YouTube sijui huwa wanapima nini.)

Sasa bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, uitazame diski inatumika kiasi gani. Ikikaa kwenye asilimia 100 muda mrefu na ni HDD (diski ya zamani inayozunguka), hangaika na mipangilio utakavyo, haitasaidia sana. Weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), hata ya GB 240. Kwa leo, zima programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka.