Uliza Fundi: Bonneville imekaa stoo, niiwashe tu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba kaniachia pikipiki ya Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1967, imekaa stoo miaka kibao bila kuwashwa. Kiki inashuka vizuri, injini haijakwama. Washkaji wanasema nimwage oili, niweke plagi mpya niiwashe, mi nawaza nianze na rangi na kromu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, na hongera sana, hiyo ni silinda mbili ya cc 649 ya kiwanda cha Meriden, Uingereza, na kama namba ya injini na ya fremu zinafanana, yaani injini na fremu zimetoka kiwandani pamoja, basi ishikilie kwelikweli. Rangi iache kwanza, na usiiwashe. Kasheshe ya hizi injini iko ndani ya krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, mle kuna kityubu cha kunasa uchafu, maana filta yake ya oili ni wavu tu, uchafu laini unapita, krankshafti ikizunguka uchafu unarushwa pembeni unaganda kwenye hicho kityubu mpaka unakuwa mgumu kama lami. Kikijaa, oili haifiki kwenye beringi za konrodi (vyuma vinavyounga pistoni na krankshafti), na kumwaga oili hakukisafishi hata kidogo. Kwa hiyo injini ishushwe ipasuliwe, hakuna njia ya mkato.

Hapa ndo kuwa makini sana: kityubu kimeshikiliwa na boliti moja ya flaiwili (gurudumu zito la krankshafti) iliyopenya ubavuni mwake, itoe hiyo kwanza ndo ukivute, ukilazimisha kinachanikia humohumo ndani. Halafu osha matundu yote ya oili, puliza hewa mpaka uone inatokea upande wa pili.

Spana za milimita weka mbali, tafuta seti ya Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, la sivyo utakula kona za nati zote. Na betri, chanya ndo inaenda kwenye fremu, sio hasi kama pikipiki za sasa, ukigeuza unaunguza vitu.

Siku ya kuwasha, injini ikiwaka tu fungua kifuniko cha tangi la oili uchungulie bomba la kurudishia, oili inatakiwa itoke kwa kurukaruka, imechanganyika na hewa. Usipoiona inarudi, zima hapohapo.

SWALI: Fundi, nimezoea pikipiki za sasa, nimepata Bonneville ya miaka ya 60 iliyotengenezwa tayari. Kuna cha kujua kabla sijaingia barabarani?

JIBU: Kipo, na ni cha usalama. Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto. Ukishtuka mguu wa kulia utakimbilia breki wenyewe, utakanyaga gia, kwa hiyo fanya mazoezi uwanjani kwanza mpaka mguu uzoee, mi nasisitiza hili kuliko yote. Breki zenyewe ni za drami, hazina nguvu kama za diski, achia nafasi kubwa mbele yako. Asubuhi kabla ya kuwasha shika klachi upige kiki mara kadhaa, sahani za klachi zinakuwa zimegandana, usipozitenganisha gia ya kwanza itaingia kwa kishindo. Na ikiwa imelala siku nyingi, oili inachuruzika kutoka kwenye tangi inajaa chini ya injini, ukikuta tangi limepungua usikimbilie kuongeza, washa kwanza uiache irudi ndo upime.