Benki ya ardhi ya umma hupata wapi nyumba zake, na nani huzitunza

Umeuliza iwapo benki za ardhi za umma nchini Marekani, yaani taasisi za umma zinazopokea na kusimamia nyumba na viwanja visivyo na mwenyewe (si benki za fedha), hununua nyumba zinazozimiliki. Kwa sehemu kubwa hazinunui. Katika Kaunti ya Genesee, jimbo la Michigan, ulipo mji wa Flint uliopoteza viwanda vya magari na wakazi wengi, sheria ya mwaka 1999 iliharakisha utwaaji wa mali zisizolipiwa kodi, hivi kwamba nyumba yenye deni la takriban miaka 3 huchukuliwa na mweka hazina wa kaunti kwa hukumu ya mahakama, kisha hupelekwa mnadani, na isipopata mnunuzi huweza kuhamishiwa benki ya ardhi, ambayo sheria ya mwaka 2003 iliipa pia njia ya haraka ya kusafisha hatimiliki, yaani kuondoa madai ya watu wengine juu ya mali hiyo.

Kazi ngumu hasa ni kutunza, kwa sababu benki hupokea kile ambacho soko limekikataa. Nyumba mbovu hubomolewa, zinazofaa huzibwa madirisha kwa mbao hadi zipate mnunuzi, na viwanja vitupu hufyekwa nyasi wakati wa kiangazi, mara nyingi na vikundi vya wakazi wanaolipwa, au huuzwa kwa jirani kwa bei nafuu. Mapato ya mauzo hayatoshi kugharimia haya yote, na ninaona sheria ilifanya busara kuipa benki, kwa miaka 5 baada ya mauzo, nusu ya kodi inayolipwa kwa mali iliyouza, ingawa ubomoaji bado hutegemea sana ruzuku za serikali.