Jibu: Rangi ya pili kukataa kushika kwenye picha yenye vijisehemu vidogo

Ndugu, umeuliza kwa nini penseli zako za rangi zinateleza unapoongeza rangi ya pili juu ya yale majani madogo ya picha yako. Sababu kubwa ni mkono mzito: ukikandamiza tangu mwanzo, nta iliyomo kwenye penseli hujaza vishimo vidogo vya karatasi, na rangi inayofuata hukosa pa kujishikiza. Anza na rangi isiyokolea, kwa mkono mwepesi na ncha iliyochongwa vizuri, kisha ukoleze taratibu, na kukandamiza kwa penseli nyeupe ili kulainisha kuwe hatua ya mwisho kabisa. Kwa sehemu nyembamba mno, penseli za rangi aina ya Polychromos za kampuni ya Faber-Castell, ambazo hutengenezwa kwa mafuta, hukaa na ncha kali kuliko penseli laini za nta, ingawa bei yake, kusema kweli, inauma.