Hati ya madai ikishafanyiwa marekebisho, ile ya zamani haipo tena

Mkuu, umeuliza: Mahakama ya Rufani imefuta kesi yenu ya kiwanja na kuagiza mrekebishe hati ya madai ili muuzaji naye aunganishwe. Je, mliyoomba kwenye hati ya kwanza bado yanahesabika? Hayahesabiki. Mimi nimelijua hilo kwa hasara.

Nikiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu baba, nilimshtaki mtu ambaye baba mdogo alimuuzia kiwanja chetu chenye fremu tatu. Baba mdogo mwenyewe sikumgusa. Bibi alikubali kutoa ushahidi, ila akaniomba nisimpeleke mwanawe mahakamani. Tukashinda Mahakama Kuu. Mnunuzi akakata rufaa, na majaji watatu hata hawakuzifikia sababu zake. Swali lao lilikuwa moja tu, muuzaji yuko wapi? Msimamo ni wa tangu 1983, kesi ya Juma Kadala dhidi ya Laurent Mnkande: ukidai ardhi iliyokwishauzwa, unaunganisha muuzaji na mnunuzi. Hukumu ikafutwa, na ushahidi wote ukaenda nayo. Kesi ilipoanza upya bibi alikuwa ameshafariki.

Wakili akaandika hati mpya. Nikaangalia kama jina la baba mdogo limo, nikasaini. Sikufika ukurasa wa mwisho, kwenye nafuu tunazoomba, ambako kodi ya fremu kwa miaka yote tuliyonyimwa ilikuwa imerukwa. Tukashinda kiwanja, kodi hakuna. Safari hii tukakata rufaa sisi. Wakili akasimama, akainua hati ya kwanza, muhuri wa masjala unaonekana kabisa. Jaji mmoja akamuuliza taratibu, "Wakili, hiyo hati bado ipo?" Akaishusha.

Nilitaka kuomba marejeo, yaani Mahakama ya Rufani iipitie upya hukumu yake yenyewe. Muda ni siku 60, lakini Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania haikupi rufaa ya pili kwa mlango wa nyuma: uonyeshe kosa la wazi kwenye kumbukumbu, au ulinyimwa kusikilizwa, au hukumu imepatikana kwa udanganyifu, na mengine machache ya aina hiyo. Wakili wangu kusahau hakumo. Nikaacha.

Kama hati yenu mpya haijasajiliwa, iombe leo kwa wakili. Ilaze kando ya ile ya zamani, uanzie ukurasa wa mwisho.