Viatu mtini kwenye "Spring Day" ya BTS

Dada, umeuliza kwa nini viatu vinaning'inia mtini mwishoni mwa "Spring Day", video ya wimbo wa BTS, kundi la waimbaji wa Korea Kusini, na bango la "Omelas" lina maana gani.

Tuanze na viatu. Jimin, mmoja wa waimbaji wa BTS, yuko ufukweni peke yake, bahari imepauka, mkononi jozi ya viatu visivyo na mwenyewe. Hapo mimi hukabwa na kilio kila mara. Video ilitoka Februari 2017. Kabla ya hapo, tarehe 16 Aprili 2014, kivuko cha Sewol kilizama Korea Kusini, wakafa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari waliokuwa kwenye safari ya shule. Sasa tazama tena bembea ya kuzunguka: ina tepe za njano, na utepe wa njano ndio alama ya kuwakumbuka watoto wale. Ndiyo maana viatu vile mimi naviona kama vyao.

Omelas ni mji wa hadithi ya Ursula K. Le Guin ya 1973. Raha ya mji mzima inasimama juu ya mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa chini ya nyumba. Wachache wakishamwona, huondoka moja kwa moja. Ndiyo maana naamini treni inayoonekana kwenye video inawabeba wanaokataa kusahau.