Thoran ya kabichi: usikamue nazi, usitie maji

Sisi tuliolelewa pwani, nazi ikishakunwa tunaijua njia yake: maji ya vuguvugu, kifumbu, tui zito pembeni, tui jepesi pembeni, machicha wapewe kuku. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipomwona Chechi, mwenyeji wangu, akimwaga nazi yote aliyotoka kuikuna juu ya kabichi bichi, nilimshika mkono. Nilidhani amejisahau.

Hiyo ilikuwa Kochi, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu kwa matibabu, tukakaa wiki sita katika chumba cha juu nyumbani kwa mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Chechi, yaani dada mkubwa kwa Kimalayalam, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mgonjwa alishachoka na chakula cha hoteli. Chechi akaniambia nishuke jikoni nitazame. Nikamkuta amekalia mbuzi. Wao huiita chirava, lakini ni ile ile ya kwetu: kigoda cha mbao na ulimi wa chuma wenye meno. Nikajiona niko nyumbani kabla hata moto haujawashwa.

Thoran ni mboga iliyokatwa ndogo ndogo, ikaiva kwa maji yake yenyewe pamoja na nazi, ikatoka kavu. Haina mchuzi. Ukienda jimbo jirani la Tamil Nadu utakuta ndugu yake, poriyal, na jimbo la Karnataka wana palya. Watamil wengi huinyunyizia nazi mwishoni, watu wa Kerala huiponda nazi kwanza na viungo. Mimi nashika ya Kerala kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa, na kwa kuwa nazi iliyopondwa na pilipili ina utamu ambao ile ya kunyunyiza haiufikii.

Chukua kabichi nusu kilo. Lioshe kabla ya kulikata, likung'ute maji hadi likauke, kwa sababu ukiliosha likishakatwa maji yatajificha ndani na litachemka badala ya kukaangika. Likate jembamba kama la kachumbari, kisha geuza kisu ulikatekate upande wa pili, lisibaki hata uzi mmoja mrefu. Hapa usifanye haraka. Vipande vikubwa haviivi bila maji, na ukishatia maji hiyo si thoran tena. Nilirudi Tanga nikaipika mara ya kwanza peke yangu, nikaogopa itaungua, nikaongeza nusu kikombe cha maji. Tukala kabichi la kuchemsha lenye chembe za nazi. Mdogo wangu, aliyekuwa ameisubiri siku nzima, hakusema neno, na mimi niliumia.

Nazi iwe kavu, iliyokomaa, si koroma. Nusu yake inatosha. Iweke kwenye kinu na pilipili mbichi 3, punje moja ya kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha uzile na robo kijiko cha manjano, uponde mara saba au nane, basi. Unachotaka ni nazi iliyoshika harufu ya pilipili na bado inachambuka vidoleni. Kama huna kinu, tumia blenda bila tone la maji, ukibonyeza na kuachia. Na tafadhali usitumie machicha uliyokwisha kukamua tui. Nimeona watu wakijaribu ili kubana matumizi, lakini mafuta na utamu wote vilishaondoka na tui, utakuwa unatafuna makapi.

Changanya kabichi, nazi na chumvi kwa mkono, ukiliminya kidogo, uliache dakika tano. Chumvi italitoa jasho. Maji hayo ndiyo yatakayolipika.

Sasa rai, zile mbegu ndogo nyeusi za haradali, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Bandika karai, tia vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi. Yakipata moto dondosha punje moja ya rai. Ikikaa tu, subiri. Ikipasuka, tia kijiko kimoja cha chai na ufunike nusu, maana zinaruka hadi usoni. Chechi alikuwa akigeuka upande kabisa, hatazami, anasikiliza. Mlio unaanza moja moja kama mvua inayogusa bati, unashika kasi, kisha unapungua. Unapopungua tu, tia kijiko cha urad dal, zile punje nyeupe zilizokobolewa za jamii ya choroko. Zikigeuka rangi ya biskuti, tupia pilipili kavu 2 zilizovunjwa na majani ya mchuzi kama kumi, yaliyofutwa maji. Yatalia kwa fujo na jikoni patajaa harufu.

Kutoka urad kuingia mpaka majani, hayo yote hayafiki dakika moja, kwa hiyo kila kitu kiwe karibu na mkono. Rai isiyopasuka ni chungu. Rai iliyoungua ni chungu zaidi, na uchungu wake haufichwi na nazi wala chumvi. Ikiungua mwaga mafuta, futa karai, anza upya. Chechi aliyamwaga mafuta yangu mara mbili, bila kunigombeza.

Majani ya mchuzi ni yale mabichi ya kijani yanayouzwa na kijiti chake. Si bizari ya mchuzi ya unga. Dar es Salaam mimi huyapata soko la Kisutu. Yaliyokaushwa hayana harufu ya maana, heri upike bila majani kabisa.

Mimina kabichi, geuza mara moja, punguza moto, funika dakika tano au sita. Funua, geuza, liache wazi dakika mbili hadi unyevu uishe. Liwe laini lakini bado linalia chini ya jino.

Ukishaijua ya kabichi, bustani yote ni yako. Kerala wanapika hivi mchicha, papai bichi lililokunwa, fenesi changa, hata majani ya mlonge ambayo kwetu watu wanayanywa kama dawa na kusahau kwamba ni mboga. Mchicha na mlonge usifunike, vina maji ya kutosha. Maharage machanga, ambayo ndugu zetu Wakenya huyaita mishiri, yanataka dakika chache zaidi. Kwangu mimi papai bichi ndilo linaloongoza.

Wao huila na wali mwekundu na mchuzi wa mtindi, na siku ya Onam, sikukuu yao ya mavuno, inawekwa kwenye jani la mgomba pamoja na vitoweo vingine vingi. Nyumbani naila na wali mweupe na samaki wa kukaanga. Ipike ya kuliwa siku hiyo hiyo, nazi mbichi huchacha upesi kwenye joto letu. Ikibaki, iweke kwenye friji ikishapoa tu. Mdogo wangu, ambaye sasa ni mzima, huikunjia ndani ya chapati asubuhi kabla hajaenda kazini.